Baiskeli ya Baba na Mguu wa Tumpe

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi nyumbani kwetu. Ilichanganyika na harufu kali ya maua ya pareto yaliyoanikwa kwenye mikeka, na moshi wa kuni za mkaratusi uliotoka jikoni kwa Mama, na ubaridi ule wa milimani ambao nao, kwa mtu aliyekulia kule, una harufu yake. Tuliishi juu ya mji wa Mbeya, katika nyumba ya mwalimu iliyokuwa kando ya shule, mahali ambapo mwezi wa sita ukungu huingia mpaka chumbani na maji ya kunawa asubuhi huuma vidole kama siafu. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Baba alikuwa amehamishwa kutoka Idodi, kule nyanda za chini za Iringa, nchi ya joto na vumbi ambako baiskeli yake ilizoea kwenda maili nyingi bila kuona mlima wa maana. Kaka yetu Lugano alibaki Iringa, shule ya bweni. Baiskeli tulikuja nayo juu ya lori, imefungwa kamba juu ya magunia kama mgeni wa heshima, nyeusi, ndefu, ya Kichina, na Baba alipoishusha na kuitazama njia iliyopanda kutoka bondeni mpaka shuleni alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa breki zitakula sana.

Zilikula kweli. Raba za breki ziliisha kila baada ya wiki chache, na Baba akawa anachonga nyingine kutoka kwenye soli za makobazi ya tairi yaliyochakaa. Fundi baiskeli wa karibu alikuwa mjini chini, mwendo wa saa mbili kwa mguu, kwa hiyo Baba alikuwa fundi wa nafsi yake. Jumamosi baada ya chakula aliipindua baiskeli uani, magurudumu juu, ikasimama kwa kiti na usukani. Alilegeza tairi kwa mipini ya vijiko viwili ambavyo Mama alikwisha kuvikatia tamaa, akatoa mpira wa ndani, akaujaza upepo na kuuzamisha kwenye karai la maji, sehemu moja baada ya nyingine, mpaka mapovu yalipotokea. Kazi yangu ilikuwa kuweka kidole pale mapovu yalipotoka na kutokiondoa hata kidole kife ganzi. Kisha Baba alikwangua mpira kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa misumari, akapaka gundi, akanizuia nisibandike kiraka. “Gundi mbichi haishiki, Subi,” alisema. “Ngoja.” Tulingoja tukiwa tumechuchumaa, tukipuliza, na katika kungoja kule ndiko mwalimu yule asiyependa maneno mengi alikoongea nami zaidi kuliko siku nyingine zote za wiki. Aliniambia habari za babu, za Idodi, za siku aliyokutana na tembo barabarani akaiacha baiskeli ikasimama peke yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, alipenda kusema, akibonyeza kiraka kwa dole gumba.

Ajali zilikuwa sehemu ya maisha. Siku moja breki zilimkatikia akiteremka na madaftari ya darasa la sita, akaishia katikati ya matuta ya viazi ya jirani, madaftari yametapakaa kama njiwa waliotua. Alirudi nyumbani na udongo mpaka masikioni, akaomba maji ya moto. Mama alicheka jikoni huku ameuma upindo wa kanga ili asisikike. Siku nyingine mnyororo uling'ata suruali yake ya kazini akalazimika kuikata kwa wembe pale pale njiani, akaingia darasani suruali ina pengo, na hakuna mwanafunzi aliyethubutu kutabasamu. Nakumbuka mambo haya kwa furaha kwa sababu yaliisha kwa maji ya moto na sindano ya kushonea. Nilidhani ajali zote ndivyo zinavyoisha.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Baba aliponifundisha kuendesha. Wasichana wa pale hawakuendesha baiskeli, na mama mmoja wa kanisani alimwambia Mama waziwazi kwamba binti akizoea kupanda vyuma hatapata mume. Mama alimjibu kwamba mume atakayeogopa baiskeli na aende zake. Kwa kuwa miguu yangu haikufika kwenye pedeli nikikaa juu ya kiti, nilijifunza kama watoto wote wanavyojifunza: mguu mmoja nilipitisha chini ya bomba la katikati, mwili nje upande mmoja, baiskeli imeinama upande wa pili, tukienda kama walevi wawili wanaoshikana. Nilianguka nikachubuka magoti, viwiko, kidevu. Baba alikimbia nyuma yangu ameshika keria, akihema, na siku alipoiachia bila kuniambia nilikwenda mpaka kwenye bendera ya shule kabla sijagundua kwamba niko peke yangu. Hakunisifu. Alisema tu, “Sasa sikiliza. Mtu usimpakie. Mpaka ukae juu ya kiti na miguu ifike. Umesikia?” Nilisema nimesikia, Baba.

Mdogo wangu Tumpe alikuwa na miaka sita. Alikuwa mtoto mwembamba mwenye macho makubwa, msemaji kupita kiasi, na mahali nilipokwenda naye alikwenda. Ikawa siku moja ya mwezi wa saba, ukungu umekwisha kupanda na jua limetoka bila joto, Mama akanituma mashineni kusagisha mahindi. Baba alikuwa kwenye mkutano wa kijiji. Mama alifunga gunia dogo kwenye keria kwa mpira, akaniambia niisukume baiskeli, nisiipande, nisije nikamwaga mahindi na kuvunja shingo. Tumpe akafuata. Tulipofika, mashine ilikuwa kimya. Dizeli ilikuwa imekwisha na mwenye mashine akatuambia tuache gunia letu, turudi kesho. Tukageuza kurudi, keria tupu.

Sehemu ya njia ilikuwa kupanda, Tumpe akalalamika. Miguu yake, peku kama yangu, ilikuwa imekauka kwa baridi na kupasuka visigino. Alilia kidogo, akanyamaza, akaanza kuokota maua. Kwa miaka mingi nilipoulizwa, hata nilipojiuliza mwenyewe, nilisema nilimpakia kwa sababu alikuwa analia. Si kweli. Alikuwa amekwisha kunyamaza. Tulifika mahali njia inapoanza kuteremka kuelekea kijito, na chini pale niliwaona wasichana watatu wa darasa langu wakitoka kuchota maji, ndoo vichwani. Walikuwa wale waliokuwa wakinicheka kwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kinyakyusa, wale walioniita mgeni. Nilitaka wanione. Nilitaka waone mtoto wa mwalimu akishuka na baiskeli, tena amempakia mtu, kama mtu mzima. Nikamwambia Tumpe, “Panda. Shika kiti, miguu ipanue.” Alipanda akicheka.

Mtu anayeendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba hana uzito wa kuishikilia baiskeli iliyobeba mtu nyuma. Hilo Baba alilijua, na mimi nililijua baada ya hatua ishirini. Usukani ulianza kucheza. Nikabana breki, baiskeli ikayumba, Tumpe akaogopa, na mtoto akiogopa hukusanya miguu. Nilisikia mlio ambao sijausahau maishani, kama mtu anayepitisha fimbo kwenye uzio wa vyuma, kisha baiskeli ikasimama ghafla nikarushwa upande. Nilipoinuka Tumpe alikuwa bado juu ya keria, amelala na baiskeli ubavuni mwa njia, na mguu wake wa kulia ulikuwa umeingia kati ya spoku za gurudumu na fremu mpaka juu ya kifundo. Hakulia mara moja. Alinitazama tu, mdomo wazi, kama anayeniuliza kitu.

Niliushika mguu nikataka kuuvuta. Mwanamke mmoja Msafwa aliyekuwa akichuma pareto shambani juu ya njia alipiga ukelele, “Usivute! Wewe mtoto, usivute mguu!” Alishuka mbio, kapu lake likamwagika maua yote njiani. Jina lake lilikuwa Mama Sekela. Kabla ya siku ile tulikuwa tukisalimiana tu. Alinisukuma kando, akapiga magoti, akakunja spoku moja moja kwa mikono yake mitupu, akizipinda nje kama mtu anayefungua mlango wa banda, na huku akimsemesha Tumpe maneno ya Kisafwa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaelewa lakini yalimtuliza. Mguu ulipotoka nilimwona Mama Sekela akifumba macho kidogo. Alivua kanga yake ya juu, akaufunga, akamweka Tumpe mgongoni, akaanza kupanda kuelekea zahanati bila kuniangalia; nikawafuata nikiburuta baiskeli. Wasichana wa ndoo walikuwa bado wamesimama pale chini. Nilichokitaka nilikuwa nimekipata: walikuwa wananiona.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja na kibaraza. Mganga aliosha, akafunga, akasema mfupa umevunjika, ni hospitali ya mjini, akatuma mtu akalizuie lori la viazi. Mama alifika kwanza, kisha Baba, koti lake la mkutano bado mwilini. Mama aliketi chini kibarazani akampakata Tumpe, ambaye sasa alilia kwa sauti moja isiyokatika. Baba aliuangalia mguu, akaniangalia mimi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, jambo lililonitisha zaidi.

“Subi. Nani alikuruhusu umpakie?”

Nilifungua mdomo na neno lililotoka lilikuwa, “Mama.”

Sijui lilitoka wapi. Mama aliinua kichwa akanitazama. Nimezeeka sasa, nimetazamwa na watu wengi, lakini sijatazamwa tena vile. Haikuwa hasira. Alinitazama kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuingia. Kisha akamgeukia Baba akasema, “Ni mimi, Baba Lugano. Niliwaambia wawahi kurudi.”

Baba alishuka njiani kulingoja lori. Lori lilikuja, wakapanda wote watatu, na mimi nikaachwa nirudi nyumbani na baiskeli. Niliisukuma njia nzima, gurudumu la nyuma limepinda linasugua fremu, spoku zilizolegea zikigongana. Kuna methali ambayo kila mtoto wa Kiswahili huifahamu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimeiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, Baba akaniwekea alama ya vema. Nilitembea nikiirudia, na kila nilipoirudia niliona kwamba haisemi kweli. Asiyesikia alikuwa mimi. Guu lililovunjika lilikuwa la mwingine.

Mama alikaa hospitali na Tumpe wiki tatu. Baba alirudi kufundisha, nami nikapika, nikafua, nikaanika pareto. Jumapili tulishuka mjini kwa miguu kuwaona. Wodi ilinuka dawa ya kuulia wadudu na uji. Baba alimpa Tumpe mkono, akamwuliza amelalaje, akamchekesha. Kisha alimkabidhi Mama kikapu cha chakula bila kumtazama. Mama alisema asante. Baba alisema haya. Basi. Watu wale wawili ambao nyumbani waliongea Kinyakyusa kitandani mpaka sisi watoto tukalala kwa sauti zao, siku ile walikaa upande na upande wa kitanda cha Tumpe kama abiria wasiojuana. Jumapili ya pili ilikuwa vile vile. Mama alikuwa amekonda. Wakati wa kuondoka alinitengeneza kola ya gauni, akaniuliza kama nakula vizuri. Hakuniuliza jambo jingine.

Jumamosi iliyofuata Baba aliipindua baiskeli uani. Alikuwa amepata spoku mpya mjini, zimefungwa kwa karatasi. Aliniita. Tulitoa zile zilizopinda, saba, na kwenye moja palikuwa na kitu kilichokauka ambacho Baba alikifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kupanga spoku ni kazi ya subira. Unakaza hii, unalegeza ile, unazungusha gurudumu na kutazama kama rimu inayumba, unarudia tena. Baba alizungusha, mimi nikashika kijiti kando ya rimu kuona mahali panapogusa. Kijiti kiliniponyoka kikagonga spoku, na mlio ule ulipotoka sikuweza tena kujizuia.

“Baba, Mama hakuniambia.”

Gurudumu lilikuwa linazunguka. Alilisimamisha kwa kiganja.

“Alinikataza hata kupanda. Nilimpakia mwenyewe. Nilisema uongo.”

Nilingoja kofi, na kusema kweli nililitamani. Baba alibaki amechuchumaa, kiganja kwenye tairi, mpaka kuku akaja akadonoa kati yetu akaondoka. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo mtoto haelewi, nikadhani ananichukia. Kisha alimalizia kukaza spoku mbili zilizobaki, haraka, bila kujali kama rimu inayumba. Alirudisha gurudumu, akageuza baiskeli, akaingia ndani akatoka amevaa koti. Alipanda na kuteremka kuelekea mjini, gurudumu la nyuma likicheza kidogo kushoto na kulia. Nilibaki uani na vijiko viwili mkononi.

Alirudi jua linazama, akala chakula nilichompikia, akasema kimeiva vizuri. Hakunipiga siku ile wala baadaye. Wiki iliyofuata Mama na Tumpe walirudi nyumbani, na usiku wa kwanza nilisikia tena sauti za Kinyakyusa kutoka chumbani kwao, za chini, zisizokwisha. Jambo lile halikutajwa kamwe katika nyumba yetu. Mfupa wa Tumpe uliunga vibaya. Mwaka mzima nilimbeba mgongoni kwenda shule na kurudi, kupanda na kuteremka, na hakuna aliyeniamuru. Alipoanza kutembea peke yake mguu wa kulia uliangukia nje kidogo, na hivyo ndivyo unavyoangukia mpaka leo.

Baba alitangulia mbele ya haki miaka mingi sasa. Mama tulimzika mwaka juzi, na baada ya matanga nilikwenda kukaa kwa Tumpe, Iringa, ambako ameolewa na kuzaa na kuwa bibi. Tukiwa tunachambua maharage, nilimwambia yote. Nilimweleza habari ya wasichana wa ndoo, na ya neno lile nililolitamka kibarazani. Nilikuwa nimelibeba kwa zaidi ya miaka arobaini, nikidhani yeye hajui. Tumpe aliendelea kuchambua.

“Dada, mimi nilikuwepo,” alisema. “Nilikuwa nimelala kwenye mapaja ya Mama. Nilijua hakukuruhusu unipakie.”

Kisha akaniambia nisichokuwa nakijua. Siku ile Baba aliyoshuka na baiskeli alifika wodini si saa ya kutazama wagonjwa, akabishana na nesi mpaka akaruhusiwa. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Wagonjwa wote walikuwa wanatazama. Akamwambia Mama kwa Kinyakyusa, “Nisamehe, mama wa watoto wangu. Nimekukosea.” Mwanaume wa zama zile, mwalimu, mbele ya watu. Tumpe alisema Mama alilia, akamshika mkono, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, “Usimpige. Amekwambia mwenyewe, usimpige.”

Siwezi kusema kwamba zamani kulikuwa kuzuri kuliko sasa. Mguu kama ule leo ungepigwa picha na kuungwa ukanyooka; njia ile ya kijito ina lami, na watoto wa pale, wa kike kwa wa kiume, wanapita kwenye pikipiki watatu watatu bila mtu kugeuka. Nimeona wajukuu wangu wakiacha baiskeli iote kutu kwa pancha moja. Wakikosea hutuambia haraka, bila hofu, nami hushukuru kwamba hawatuogopi kama tulivyowaogopa wazazi wetu. Lakini najiuliza kama yuko mmoja wao anayejua kwamba mtu mzima anaweza kubeba aibu ya mtoto wiki tatu, akanyamaza, akingoja mtoto mwenyewe aje kuichukua. Mimi nililelewa hivyo na sikujua. Nilijua nikiwa na mvi, na aliyenibebea amekwisha kulala kaburini.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda sokoni. Iringa ni mji wa vilima, na magoti yangu siku hizi hayana urafiki na vilima. Tumpe alitangulia, mguu wake ukiangukia nje, kikapu mkononi, akisalimiana na kila mtu. Alipofika juu aligeuka akaona nimebaki nyuma. Aliweka kikapu chini, akakaa juu ya jiwe.

“Taratibu, dada,” aliniita. “Nakungoja.”